Kwa nini wachambuaji wa korosho hukosea zaidi siku mzigo ukiwa mzuri?

Swali: Shikamoo Daktari. Nasimamia akina mama kumi na wanne wanaobangua na kuchambua korosho hapa Newala. Mwezi uliopita mnunuzi alirudisha maboksi yetu kwa sababu ndani ya korosho nyeupe aliokota zilizobabuka. Tangu tuhamie jengo jipya naona kazi imekuwa taratibu na makosa yameongezeka. Huku tumetandika meza vitambaa vya nailoni rangi ya damu ya mzee vyenye maua, na tumefunga runinga ukutani ili watu wasichoke. Kinachonishangaza ni kwamba makosa yanakuwa mengi siku mzigo ukiwa mzuri, si siku ukiwa mbovu. Macho yao ni mazima. Baadhi ya wanachama wanasema ni uzembe, wahusika wakatwe posho. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Naanza na hilo la posho, maana ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Tafadhali, msimkate mtu hata shilingi kabla hamjabadilisha meza. Kwa maelezo uliyonipa, naona mmewaweka akina mama hawa mahali ambapo mimi mwenyewe, niliyefundisha saikolojia ya utambuzi (elimu ya jinsi akili inavyoona, inavyokumbuka na inavyoamua) miaka mingi, ningekosea kama wao.

Tuna msemo kwamba macho hayana pazia. Huwa tunamtetea nao mtu aliyetazama kisichomhusu. Katika fani yangu msemo huo ni jambo linalopimika kwa saa. Ukimwambia mtu "angalia hiki tu, vya pembeni achana navyo", atajitahidi, lakini vya pembeni vitaingia tu, na vikishaingia vitafanya mambo mawili: vitabadilisha anachokiona, na vitachelewesha mkono wake. Hayo mawili yana sababu tofauti na dawa tofauti, kwa hiyo nitayatenganisha.

Kabla hujaendelea kusoma, fanya kitu kimoja. Chukua korosho nzima ambayo huna hakika nayo, yenye wekundu kidogo ulioenea sawasawa, ile ambayo leo ungeiweka kwenye nyeupe na kesho ungeiweka kwenye zilizobabuka. Ipasue kwenye mstari wake wa asili upate nusu mbili. Nusu moja iweke juu ya karatasi nyeupe, nyingine juu ya kitambaa chenu, migongo ikiwa juu, zote karibu na dirisha lilelile. Rudi nyuma hatua moja, uzitazame. Ile iliyo kwenye kitambaa itaonekana imetakata zaidi. Sasa zibadilishe mahali. Weupe utabaki palepale kwenye kitambaa, na nusu uliyoiona imebabuka itakuwa ndiyo safi. Ni korosho moja hiyo, iliyotoka kwenye ganda moja.

Jicho halipimi rangi kama mizani inavyopima kilo. Linalinganisha. Kitu kilichozungukwa na giza huonekana cheupe zaidi ya kilivyo, na kilichozungukwa na wekundu hupoteza wekundu wake machoni. Kitambaa cha damu ya mzee kina yote mawili, giza na wekundu. Kwa hiyo korosho iliyobabuka kidogo ikikaa juu yake inang'arishwa, halafu ule wekundu ambao ungeifichua unafifia. Inapita. Inafika kwa mnunuzi, anaimwaga kwenye sinia jeupe, na pale rangi yake inajitokeza. Mchambuaji wenu hakusema uongo, na mnunuzi wenu hakuwaonea. Kila mmoja ameeleza alichokiona kwenye meza yake.

Mzozo kama wenu uliwahi kutokea Paris karibu miaka 200 iliyopita. Michel Eugène Chevreul, mkemia, alipewa usimamizi wa idara ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mwaka 1824. Malalamiko yakamfikia kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zimepauka, hasa zikifumwa kwenye vivuli vya nguo za bluu na zambarau. Chevreul alizilinganisha nyuzi hizo na nyeusi za viwanda vingine, akakuta hazina kasoro. Tatizo lilikuwa majirani: nyeusi ikilazwa kando ya bluu na zambarau inaonekana imechuja. Kitabu alichoandika kuhusu jambo hilo mwaka 1839 kiliwafundisha wachoraji na wafumaji wa Ulaya kwa vizazi. Ninachokipenda kwake ni kwamba, mbele ya malalamiko, hakukimbilia kuwafukuza watia rangi. Alienda kwanza kutazama nyuzi zimelazwa kando ya nini.

Ukubwa nao una mtego huohuo. Mkitenganisha korosho za daraja la 240 na 320 (namba hizo, kama unavyojua, zinakadiria idadi ya korosho kwenye ratili moja), korosho ya kati ikizungukwa na kubwa itaonekana ndogo, na ikizungukwa na vipande itaonekana kubwa. Ndiyo maana mabishano ya madaraja huwa makali pale sinia lilipochanganyika, na huisha ukiichukua korosho inayogombaniwa ukaiweka peke yake.

Sasa tuje kwenye ucheleweshaji, ambao ndio umenilisha miaka yote hii.

Mwaka 1974, Barbara Eriksen na Charles Eriksen wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitoa jaribio ambalo hadi leo kila maabara ya fani yetu inalo. Mtu anaonyeshwa herufi. Akiona H au K, asukume mshikio upande mmoja, akiona S au C, asukume upande wa pili. Herufi inayomhusu inatokea mahali palepale siku zote, hana haja ya kuitafuta. Lakini kando yake, kushoto na kulia, kuna herufi nyingine, na ameambiwa azipuuze. Majirani wakiwa wa upande uleule wa jibu, mkono unakwenda haraka. Majirani wakiwa wa upande wa pili, kwa mfano H katikati ya S, mkono unachelewa. Hauchelewi sana, ni makumi ya milisekunde tu, yaani chini ya muda wa kukonyeza. Ila unachelewa kila mara, kwa karibu kila mtu, na mazoezi yanaupunguza ucheleweshaji huo bila kuumaliza.

Wengi wanafikiri mtu amechelewa kwa sababu hakuona vizuri. Sivyo. Katika miaka ya 1980 huyohuyo Charles Eriksen, akiwa na Gabriele Gratton, Michael Coles na Emanuel Donchin, alirudia jaribio hilo huku wakipima umeme wa ubongo na umeme wa misuli ya mikono. Waligundua kwamba hata pale mtu alipojibu sawasawa, mara nyingi misuli ya mkono wa jibu lisilo sahihi ilikuwa imeshaanza kukaza. Jirani alikuwa ameshatuma amri yake. Ubongo ukalazimika kuizuia, kisha kutuma amri nyingine. Muda unaopotea ni wa hao wawili kugombea mkono.

Simama nyuma ya mama mmoja akichambua, utauona ugomvi huo kwa macho. Amekwishaishika korosho kwa vidole viwili, mkono umeanza kwenda beseni la kulia, unasita juu ya meza, unarudi kushoto. Hajakosea bado. Amezuia kosa. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilikaa kwenye jaribio hili mara nyingi, na nakumbuka nilivyokuwa nikijua kwamba nimebonyeza vibaya wakati kidole bado kinashuka.

Katika data hizohizo kuna jambo linalogusa moja kwa moja suala la posho, hasa kama mnalipa kwa kilo. Watu walipojibu haraka sana huku majirani wakipingana na herufi ya katikati, walikosea zaidi ya mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu. Jibu la haraka mno si la bahati nasibu, ni jibu la majirani. Kwa hiyo ukimhimiza mchambuaji aongeze kasi juu ya meza yenye vurugu, unachokipata ni maoni ya meza, si yake.

Umbali unasaidia. Eriksen hao waliona kwamba jirani akisogezwa kufikia kama digrii moja ya upeo wa macho, nguvu yake inapungua sana. Nyoosha mkono mbele yako, utazame kidole chako kidogo: upana wake ni takriban digrii moja. Kwenye meza iliyo nusu mita kutoka machoni, hiyo ni pungufu kidogo ya sentimita moja. Korosho zenu zikimwagwa zikalaliana, kila moja inaamuliwa huku jirani zake wamekaa ndani ya mpaka huo. Zikitandazwa zikaachiana upana wa kidole, ugomvi unapungua. Herufi si korosho, sitaki uichukue sentimita hiyo kama sheria, lakini mwelekeo wake utauona siku ya kwanza.

Nije kwenye lile linalokushangaza, la makosa kuongezeka siku mzigo ukiwa mzuri. Nilipolisoma nilifurahi, kwa sababu msimamizi asiye makini asingeligundua, na kwa sababu lina maelezo mawili ambayo nadhani yote yanafanya kazi kwenu.

La kwanza lilitolewa na mwanasaikolojia Nilli Lavie mwaka 1995. Alionyesha kwamba uwezo wetu wa kuona una kipimo, na ukipewa kazi ndogo hauiachi ziada ikae bure. Ziada inamwagikia chochote kilichopo. Kazi ya macho ikiwa nzito, yenye vitu vingi vinavyofanana vya kutenganisha, hakuna kinachobaki, na vya pembeni havipati nafasi. Ikiwa nyepesi, vya pembeni vinaingia bila kubisha hodi. Sasa fikiria sinia la siku mbaya: vipande, zilizobabuka, zenye ganda laini jekundu lililogoma kutoka. Macho ya mama yamejaa kazi, runinga anaisikia tu. Siku nzuri sinia ni jeupe tupu, kazi ya macho ni nyepesi, na ziada yote inapanda ukutani kwenye tamthilia. Runinga ni jirani mbaya kuliko maua ya kitambaa, kwa sababu kinachochomoza au kubadilika ghafla kinavuta macho bila ruhusa ya mwenyewe. Kuanzisha mwendo wa jicho tu kunachukua kama sehemu ya tano ya sekunde, na jicho lililokwenda lazima lirudi. Kila anapotupia jicho skrini amepoteza karibu nusu sekunde, nayo ni zaidi ya kinachoibwa na jirani wa kwenye sinia.

Maelezo ya pili ni ya uchache. Jeremy Wolfe, Todd Horowitz na Naomi Kenner walitoa mwaka 2005 utafiti wa watu waliotafuta vifaa kwenye picha zinazofanana na za mizigo ya uwanja wa ndege. Kifaa kilipokuwepo kwenye nusu ya picha, watu walikikosa kwa kama asilimia 7. Kilipokuwepo kwenye asilimia 1 tu ya picha, walikikosa kwa kama asilimia 30. Kifaa ni kilekile, macho ni yaleyale. Mtu anayekutana na "hakuna" mara mia mfululizo anaanza kusema "hakuna" mapema, kabla hajamaliza kutazama. Mzigo wenu mzuri unawafundisha akina mama kwamba zilizobabuka hazipo, na wanajifunza haraka. Ndiyo maana mashine nyingi za kukagua mizigo viwanjani huchomeka picha za vitisho bandia katikati ya picha halisi, mkaguzi asisahau sura ya anachokitafuta. Nanyi mnaweza kufanya hivyo bila mashine: siku nzuri, tia korosho chache zilizobabuka kwenye kila sinia, wakijua kwamba utafanya hivyo ila wasijue ngapi. Ukizihesabu zilizotoka, utajua zilizobaki.

Halafu kuna la kichwa kilichojaa. Mwaka 2001 Jan de Fockert, Lavie na wenzao waliwapa watu kazi ya kusoma majina ya watu maarufu yaliyoandikwa juu ya picha za nyuso na kusema ni mwanasiasa au mwanamuziki, wazipuuze nyuso. Mara nyingine walitakiwa washike mpangilio mgumu wa tarakimu kichwani. Walipobebeshwa mpangilio huo mgumu walisumbuliwa zaidi na nyuso. Unaona tofauti: mzigo wa macho unafukuza vya pembeni, mzigo wa kumbukumbu unavikaribisha, kwa sababu anayelinda mlango ndani ya kichwa amepewa kazi nyingine. Kama mama anachambua huku anahesabu kichwani ametimiza mabeseni mangapi, mpe kokoto au chaki ahesabie. Ni badiliko la bure kuliko yote niliyonayo.

Huyo de Fockert aliendelea hadi kaskazini mwa Namibia, kwa wafugaji wa Kihimba, akiwa na Jules Davidoff na wengine. Walikuta, katika matokeo waliyotoa mwaka 2007, kwamba Wahimba hawadanganyiki sana na ule mtego wa ukubwa nilioutaja, duara lililozungukwa na maduara makubwa. Mwaka 2011 wakaripoti kwamba hata vitu vya pembeni viliwasumbua kidogo kuliko vilivyowasumbua Waingereza. Kundi hilohilo la watafiti baadaye likaonyesha kwamba Wahimba walioishi mazingira ya mji walianza kuona kama watu wa mjini. Nakuambia haya kwa sababu nimewahi kusikia, hata vyuoni, watu wakisema wafanyakazi wa vijijini hawana umakini. Vipimo vya Namibia vinasema kinyume. Kilichokuja na jengo lenu jipya ni maua, mng'aro na skrini.

Umesema macho yao ni mazima, na nakuamini, ila yamepimwaje? Mama aliyevuka miaka 40 anaweza kusoma bango la ng'ambo ya barabara na bado asione doa kwenye korosho aliyoishika. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Assam, India, kwa wachuma chai wenye miaka 40 na kuendelea. Waliopewa miwani ya kuonea karibu uchumaji wao uliongezeka kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawajapewa. Waombe kliniki ya macho iliyo jirani wawapime kwa karibu, si kwa chati ya ukutani peke yake.

Kwenye meza, toeni nailoni ya maua, mtandike kitu kisicho na picha wala mng'aro, cheupe, meza zote sawa. Nimechagua nyeupe kwa sababu inamfichua aliyebabuka, na kwa sababu mnunuzi wenu naye anatazamia kwenye nyeupe. Mkae upande mmoja wa mwanga kadiri jengo linavyoruhusu. Kila mezani iwekwe kisahani chenye korosho tatu za mpakani, mlizokubaliana wote pamoja na mnunuzi kwamba hapa ndipo nyeupe inapoishia, na mzibadilishe zikianza kugeuka rangi. Korosho yenye utata isiamuliwe ndani ya kundi lake, ipelekwe kando ya hizo tatu. Beseni la nyeupe likae mbali na la zilizobabuka, mkono usiwe na njia fupi ya kukosea. Runinga izimwe saa za kuchambua. Redio mwachieni, haigombei macho, na kazi hii bila sauti ya mtu ni ndefu mno.

Lakini usiyapeleke haya kikaoni kwa sababu tu Daktari kasema, maana wapo waliokwisha kuamua ni uzembe. Wapelekee hesabu. Pima sinia kumi na nne za kilo moja za korosho nyeupe mlizozihakiki wewe na mwenzako mmoja, na kila moja utie korosho ishirini zilizobabuka kidogo ulizozihesabu mwenyewe. Siku ya kwanza akina mama saba wachambue kwenye nailoni ya maua na saba kwenye nyeupe. Siku ya pili wabadilishane, ili asije mtu akasema waliotangulia walikuwa bado hawajachoka. Andika dakika alizotumia kila mmoja na ngapi kati ya ishirini alizitoa. Runinga iwe imezimwa siku zote mbili. Yake ipimeni wiki inayofuata, kwa masinia hayohayo, ikiwashwa nusu ya muda.